Mwalimu Elizabeti Mhina na Sifuri Aliyoitetea

Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Pongwe, walimu, na ndugu zetu mliosafiri kutoka Moa na Maramba, historia mnayosomewa imeandikwa na mume wa marehemu, Bwana Methusela Sekiteke, ambaye kikao cha ukoo cha juzi kilimpa maagizo mawili, la kwanza kwamba iwe fupi, la pili kwamba kwenye sehemu ya watoto aandike kuwa marehemu hakuacha mtoto. Agizo la kwanza alilisikia akashindwa kulitimiza, la pili alilisikia akalikataa, na kwa kuwa anayekataa neno la wakubwa zake anapaswa kujieleza, maelezo yake ndiyo haya, yakianzia pale zinapoanzia historia zote.

Marehemu Elizabeti Ernesti Mhina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 katika kijiji cha Mkuzi, wilaya ya Muheza, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Ernesti Mhina, mkulima wa machungwa na mwimbaji wa sauti ya nne, na marehemu Bi. Agnesi Kilua, akabatizwa Desemba mwaka huohuo, akalia ibada nzima tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mama yake alilisimulia hadi uzeeni akidai kwamba mtoto huyo hakuwahi kukubali kitu kabla hajaelezwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1982 hapohapo Mkuzi, akamaliza la saba mwaka 1988, na katika darasa la wanafunzi arobaini na mmoja ni yeye peke yake aliyechaguliwa kwenda sekondari ya serikali, kwa hiyo watu wa kwao walimtaja maisha yake yote kuwa mfano wa mtoto mwenye akili, naye kila alipotajwa hivyo alikunja uso, akaeleza, kwa upole mara ya kwanza na kwa ukali mara ya pili, kwamba nafasi iliyoletwa shuleni mwaka ule ilikuwa moja, kwamba kama zingeletwa sita kijiji kingekuwa na wenye akili sita, na kama isingeletwa hata hiyo moja basi Mkuzi nzima ingekuwa ya wajinga, na yeye akiwemo. Wajomba zake waliuita huo unyenyekevu, mumewe, ambaye ni mtakwimu, anauita hesabu.

Alisoma sekondari kuanzia 1989 hadi 1992, akajiunga na mafunzo ya ualimu Korogwe mwaka 1993, akahitimu Mei 1995 akiwa na cheti cha Daraja la Tatu A, na Julai mwaka huo akaanza kazi Maramba, ambako alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka minane, kisha akahamia Pongwe mwaka 2003 ili awe karibu na nyumbani kwake. Kote huko walimu wakuu walimlalamikia jambo moja, nalo ni ile nafasi ndogo ya maoni iliyo chini ya ripoti ya mwanafunzi, ambayo wenzake waliijaza kwa maneno "ongeza bidii", au "wastani", au "ongeza bidii zaidi", kwa watoto sitini, kwa kalamu moja, katika muda wa kunywa chai, wakati yeye aliikalia kwa wiki nzima, akaandika kwamba mtoto huyu ni wa kwanza kuona mwenzake anapoumwa, huyu haulizi swali moja akatosheka, huyu anadanganya vizuri lakini hutubu upesi, huyu amepoteza meno mawili muhula huu na hakukosa siku hata moja. Aliwahi kuitwa ofisini na kuambiwa kwamba ripoti si mahali pa umbea, naye akauliza kama "ongeza bidii" ni habari ambayo mzazi alikuwa hajawahi kuisikia.

Tarehe 6 Julai 2002 alifunga ndoa takatifu na Bwana Methusela Sekiteke, mwenye shahada mbili kutoka Morogoro, mtumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo, ambaye kazi yake ilikuwa kupima mavuno na kulinganisha mashamba, kazi ambayo mkewe hakuidharau hata siku moja, akisema mahindi hayana aibu, yapimwe tu. Mimba ya kwanza ya mwaka 2004 haikufika, ya pili ya mwaka 2006 haikufika, na baada ya hapo madaktari wakashauri asijaribu tena. Habari ya watoto haikuishia hapo, kama kikao kilivyopenda iishie, inaendelea pwani ya Mkinga.

Aprili 2011 marehemu alihamishiwa shule ya msingi moja ya huko, si mbali na Moa, shule ambayo haitatajwa jina kwa kuwa waliopo leo hawahusiki, akapanga chumba karibu na shule, akawa anarudi Pongwe kila Ijumaa na kuondoka Jumapili. Mwaka 2015 alikuwa mwalimu wa darasa la saba, na mwezi wa Juni shule tano za jirani zikafanya mtihani wa pamoja uitwao wa ujirani mwema, ambao wema wake ni kwamba shule hizi zinasahihisha karatasi za shule zile, wastani unatafutwa, shule ya kwanza inapewa ngao, na shule ya mwisho inapewa kinyago cha mti chenye mdomo uliopinda, kinachokabidhiwa hadharani, wanafunzi wakiwa wamepanga mistari juani na wenzao wakiwazomea, ili, kwa maelezo ya waliobuni utaratibu huo, watoto wapate ari. Mumewe alitumia miaka ishirini na saba kutafiti namna ya kuongeza mavuno, na hajakutana bado na mkulima anayelitukana shamba ili lizae.

Mwaka ule kinyago kilikuwa chao. Mwalimu Elizabeti alikabidhiwa, akasema asante, akarudi nacho kwa bodaboda, akakiweka chini kuzuia mlango wa darasa usigongwe na upepo, na Mwalimu Mkuu wa wakati huo, Bwana Sadalla, alipouliza kwa nini fundisho la shule nzima limewekwa sakafuni, alijibiwa kwamba mlango ule ulikuwa unasumbua tangu mwaka jana na sasa hausumbui.

Bwana Sadalla alikuwa ameshampata aliyewaletea kinyago. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, Mwatima Massoud, binti wa Bwana Massoud, mnunuzi wa nazi wa Moa mwenye asili ya Pemba, na mkewe Bi. Semeni, mkulima wa mwani, wanaoitwa baba na mama Nasri kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na katika mtihani ule Mwatima alipata sifuri, si katika somo moja, katika masomo yote matano. Katika chumba cha walimu lilizuka jina jipya, watu wazima wenye mishahara wakawa wanaulizana, "Sifuri amekuja leo?", "Mwambie Sifuri alete chaki," na vicheko, kwa muda wa wiki moja na nusu. Bwana Sadalla alitaka kwanza mtoto huyo akaririshwe darasa, akakumbushwa kwamba ameshasajiliwa kwa mtihani wa taifa wa Septemba, akapata ufumbuzi mwingine, kwamba siku ya mtihani aambiwe abaki kwao, aandikwe mtoro, kwa sababu mtoro hashushi wastani. Kwa lugha isiyo ya ofisini, maana yake ni kwamba masomo ya Mwatima yangekoma akiwa na miaka kumi na mitatu, na karatasi zingeonyesha kuwa ni kwa hiari yake.

Mwalimu Elizabeti aliziomba karatasi za Mwatima, akarudi nazo Pongwe Ijumaa, akazitandaza juu ya meza ya chakula, na kabla ya kumweleza mumewe chochote alimwuliza mbuzi angepata ngapi.

"Mbuzi yupi?" mumewe aliuliza.

"Yeyote. Huyu wa jirani. Maswali hamsini, kila swali lina herufi tano, mbuzi anakanyaga anapopenda."

Mumewe alijibu kwamba mbuzi angepata kumi, siku mbaya sita, siku mbaya sana nne. "Basi huyu mtoto wangu amezidiwa na mbuzi," marehemu akasema, "masomo yote matano," kisha akajimiminia chai, akangoja. Mwenye shahada mbili alichukua muda mrefu kuliko inavyompendeza kukiri, hadi alipoona kwamba kukosa maswali yote kwa bahati ni jambo lisilowezekana, kwamba anayetaka kulikosa swali kwa hakika hana budi kulijua kwanza jibu lake, na alipoinamia karatasi zenyewe akakuta palipostahili A pamewekwa B, palipostahili B pamewekwa C, na palipostahili E pamerudishwa A, kwa utaratibu, somo baada ya somo, bila kufuta hata mara moja. Mtoto aliyeitwa Sifuri alikuwa amejua kila jibu la mtihani ule na kulikwepa kila moja, na walimu watano wa shule jirani, wenye vyeti, waliozipitia karatasi hizo kwa kalamu nyekundu, walichoona ni duara la kuandika juu kulia.

Jumatatu alimwita Mwatima, akamwuliza, naye hakuficha, akasema, "Baba alisema nifeli, Mwalimu." Akaulizwa kwa nini basi hakupata angalau machache ili asijulikane, akajibu, huku akilishangaa swali lenyewe, "Hakusema nifeli kidogo."

Tarehe 27 Juni 2015, siku ya Jumamosi, marehemu na mumewe walikwenda Moa, wakakaribishwa barazani, Bi. Semeni akaleta chai ya maziwa na mkate wa kumimina, wakaulizana habari za nyumbani na za mvua, na Bwana Massoud alipoelezwa kilichowaleta hakukana. "Mwalimu, kwani kufeli ni kosa?" aliuliza. "Akifaulu nisipompeleka, mtendaji ananiweka ndani. Akifeli, mtendaji huyohuyo ananipa pole." Akaeleza kwamba sekondari aliyopangiwa mtoto wa jirani yake ilikuwa mbali, mabinti wanapanga vyumba wenyewe, wanajipikia wenyewe, na binti wa jirani huyo alirudi kidato cha pili akiwa na ujauzito, kisha watu wa ofisi wakaja na pikipiki kuuliza kwa nini ameacha shule, ilhali hawakuja hata mmoja kuuliza analala wapi alipokuwa akisoma. Mume wa marehemu, aliyekwenda Moa akiwa amejiandaa kumdharau mtu huyo, alirudi akiwa na dharau ileile, isipokuwa alikuwa ameihamishia kwingine.

Marehemu hakumhubiria. Alisema tu, "Baba Nasri, umemwambia afeli, amefeli mpaka tumeletewa kinyago. Mtoto anayekutii hivyo, unamwogopea nini?"

Bwana Massoud akauliza, "Yote? Hata moja hakupata?"

"Hata moja."

Akatazama pembeni, akashindwa kuuzuia uso wake, akacheka cheko la mtu aliyesifiwa, na Bi. Semeni akasema kutoka uani, "Sasa unacheka nini, baba Nasri, na mtoto umemharibia mwenyewe?"

Hapo ndipo marehemu aliposema kwamba binti akae kwake Pongwe, asome sekondari ya hapo akitokea nyumbani, na Bwana Massoud akasema kwa adabu kwamba ashukuriwe, ila huko wao wanakula nguruwe. "Tulikuwa tunakula," marehemu akamjibu. "Na masufuria?" "Mapya." Mumewe, aliyekuwa na kipande cha mkate mkononi, alizipata habari hizo zote mbili, ya mtoto na ya nguruwe, kwa wakati mmoja na mwenye nyumba, na tangu siku hiyo hajaila nyama hiyo, na kwa uaminifu anatamka kwamba aliikumbuka mara nyingi.

Ikabaki shule. Julai aliomba kikao, akaja mratibu wa elimu wa kata, akaketi Bwana Sadalla na walimu wengine, na badala ya hotuba marehemu aligawa karatasi safi za hisabati za mtihani uleule, akawaomba waheshimiwa wapate sifuri. Walicheka, kisha wakaona hachezi. Bwana Sadalla alipata maswali matatu. Mratibu, aliyeongezewa muda na aliyekuwa na simu yake chini ya meza, alipata matano, yote, kama ilivyobainika, kwa kukosea alipokuwa akijaribu kukosa. Mratibu akasema, "Mwalimu, hii ni dharau," naye akamjibu, "Ndiyo," akakusanya karatasi zake. Hakuna aliyemwomba radhi mtoto, hakuna aliyeahidi kitu, na Bwana Sadalla alisema suala hilo litaangaliwa, maneno ambayo watumishi wote waliopo hapa wanajua yana uzito gani.

Kilichomwingiza Mwatima kwenye chumba cha mtihani mwezi wa Septemba kilikuwa baba yake, aliyefika naye asubuhi ya siku ya kwanza amevaa kanzu ya Idi, akamwambia mbele ya mwalimu wake, "Leo sikuagizi kitu," kisha akaketi kwenye ngazi ya ofisi na chupa ya kahawa, akakaa hapo siku zote za mtihani, akimsalimia Bwana Sadalla kwa heshima kila alipopita, hata ikawa vigumu kwa mtu yeyote mwenye macho kuandika kwamba binti wa mzee yule ni mtoro.

Kuna watu hapa wanaongoja kusikia alipata alama gani. Hazitasomwa. Marehemu mwenyewe alikataza, akisema atakayesikia kuwa zilikuwa kubwa atasema kumbe alistahili kutetewa, atakayesikia kuwa zilikuwa ndogo atasema kumbe Sadalla aliona mbali, na wote wawili watarudi makwao wakidhani wamemjua mtoto. Kwa sababu hiyohiyo hazitasomwa salamu zilizoletwa jana kutoka ofisi moja ya elimu, zinazosema marehemu atakumbukwa kwa kupandisha ufaulu wa masomo yake kwa asilimia kumi na nne, takwimu ambayo mumewe ameihakiki, akaiona ni sahihi, na akaiweka mahali ambapo haiwezi kumfikia marehemu.

Januari 2016 marehemu alihamishwa tena kwenda Maramba, barua ikisema ni kwa manufaa ya umma, bila kutaja umma upi, safari hii akawa anakwenda na kurudi kila siku, naye Mwatima akahamia Pongwe na begi moja na kuku jike aliyetumwa na mama yake, na kuanzia hapo hadi leo hajakaa nyumba nyingine. Alikuwa na chumba cha nyuma, mkeka wake wa kusalia, na tabia ya kuwasha redio kabla hajaamka vizuri. Alimwita marehemu Mwalimu, jikoni, kanisani siku za harusi, hospitalini, hakuwahi kubadilisha. Alikuwa anaunguza wali, aliwahi kudanganya kuhusu simu, aligombana na mume wa marehemu juu ya jedwali la mavuno lililokuwa mezani, akasema safu ya tatu haikai sawa, na haikukaa sawa. Jirani yao mmoja, mama mtu mzima, alipofiwa na mwanawe mwaka 2019 akagoma kula, walikwenda wanawake wa kanisa wakarudi, akaenda shehe wa mtaa akarudi, kisha akaenda Mwatima na sahani ya mihogo, akakaa, akaanza kula yeye, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akabishiwa kwamba haijazidi, na ubishi huo ukamaliza sahani. Mumewe amewahi kutafuta mtihani unaoweza kupima jambo hilo, somo lipi, herufi ipi ya kuzungushia duara, na hakuupata. Leo Mwatima ana miaka ishirini na nne, anafanya kazi mjini Tanga, na anayetaka kujua ni kazi gani amwulize mwenyewe, akiwa amemsalimia kwanza.

Marehemu alianza kuumwa tumbo na mgongo Mei 2025, akatibiwa vidonda vya tumbo, akapungua mwili, na tarehe 19 Agosti 2025 vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Alielezwa ukweli wote, akauliza maswali yake, akaomba kurudi nyumbani. Muuguzi aliyekuja kumhudumia alikuwa akimwuliza, kama utaratibu unavyotaka, maumivu yako ni ngapi kati ya sifuri na kumi, na mara ya kwanza marehemu alifumbua macho akasema, "Jamani, hata huku kuna mtihani?" wakacheka, na baada ya hapo kila alipoulizwa alisema tatu, hata alipokuwa amelowa jasho, kwa kuwa hakutaka kumsumbua mtu, hadi Mwatima alipomfuata muuguzi barazani akamwambia, "Dada, ukimwuliza Mwalimu atakwambia tatu. Angalia anavyokishika kikombe. Akikishika kwa mikono miwili ni saba, akikataa kukishika ongeza dawa." Muuguzi yule, ambaye yupo hapa na ambaye anastahili heshima kuliko maofisa wote waliotajwa katika historia hii, aliiacha karatasi yake akatazama kikombe.

Marehemu alifariki nyumbani Pongwe, siku ya Jumanne, tarehe 13 Januari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mumewe alikuwa uani akizungumza na muuza maziwa, Mwatima akatoka chumbani na bakuli, akasema, "Mwalimu hataki uji tena," na mumewe akaelewa.

Inabaki sehemu ya watoto. Katika kikao cha juzi ilisemwa kwamba yule wa Moa ni mtoto wa watu, tena si wa dini yetu, kwamba damu ni damu, na shangazi mmoja, kwa nia ya kusuluhisha, akapendekeza aandikwe kuwa binti aliyekuwa akisaidia kazi za nyumbani. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Wakubwa zake walikuwa wameshika kalamu nyekundu, wakatazama nafasi ya watoto, wakaandika sifuri, wakaridhika, na yeye hana neno la kuwaambia ambalo mkewe hakuwaambia watu wa ofisini kwake mwaka 2015 kwa jibu la neno moja.

Aliyelimaliza jambo hilo si yeye. Jana mchana waliingia wageni wa Moa, Bwana Massoud akakaa na wanaume, Bi. Semeni akaenda jikoni kwa wanawake, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaanza kuchambua mchele, na shangazi yuleyule akamwuliza kama ni yeye mama Mwatima. "Mimi ni Mama Nasri," Bi. Semeni akajibu, bila kuacha ungo. "Mwatima nimemzaa mimi, hilo halina ubishi, na uchungu wake naukumbuka. Lakini jina la Mama Mwatima ukiniita siitiki, dada yangu. Mwenyewe ndiye huyo mliyemlaza sebuleni." Kisha akaomba aongezewe mchele, na shangazi akamwongezea.

Kwa hiyo imeandikwa hivi, na inasomwa kama ilivyoandikwa, marehemu ameacha mume, ndugu wanne, na mtoto mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na kumweleza ukweli, inawashukuru majirani wa Pongwe, Wakristo na Waislamu, walioleta maji, kuni, mikeka na masufuria, inawashukuru wanakwaya, walimu wa Maramba waliokuwa wakija kila Jumamosi, wanafunzi wake wa miaka yote waliojaza uwanja huu, na wafanyakazi wenzake wote wa pwani isipokuwa wawili, ambao wanajijua. Inamshukuru Bwana Massoud kwa kanzu yake na chupa yake ya kahawa, na Bi. Semeni kwa jambo ambalo shukrani haitoshi.

Padri akishamaliza, udongo wa kwanza utatiwa na mumewe, wa pili na mtoto wake. Amekaa nyuma, kwenye mkeka karibu na mwembe, kwa sababu alipofika asubuhi aliambiwa mbele ni kwa familia. Mliokaa njiani, tafadhalini, sogeeni apite.

Upumzike salama, Mama Mwatima.